Sakafu ya mizani 16: kisa cha vigae vya saruji katika nyumba ya zamani Mwanza

Chumba ni cha mita 4.00 kwa 3.20. Vigae vyake ni vya sentimita 20 kwa 20, kwa hiyo vimekaa safu 16 za vigae 20 kila moja, jumla 320. Nyumba iko Mwanza mjini, mwendo mfupi kutoka Makoroboi, ya mtindo unaojulikana: duka mbele, makazi nyuma, ua katikati, na juu ya mlango wa barabarani mwaka 1953 umeandikwa kwa saruji. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Alitaka sebule irudi ilivyokuwa. Fundi wa kwanza aliyeitwa akamshauri abandike tailizi mpya juu ya za zamani, siku tatu kazi iishe.

Ushauri huo husikika kila mtaa na si wa kijinga. Ni rahisi, na unaonekana haraka. Ila sakafu inapanda karibu sentimita 2, milango inakatwa chini, na unyevu uliokuwa ukitokea juu unafungiwa ndani. Baada ya masika kadhaa, tailizi mpya nazo zinaanza kulia.

Kulia ndilo neno la kuanzia. Kigae kilichoshika hutoa mlio mfupi, mzito, ukikigonga kwa sarafu ya shilingi 200. Kilichoachia hulia kama debe, na debe tupu haliachi kuvuma. Vigae vyote viligongwa kimoja kimoja, matokeo yakajazwa kwenye karatasi ya miraba: 197 vimeshika, 83 ni vizima lakini vimeachia, 22 vimevunjika, na 18 havipo kabisa. Hao 18 waliondoka siku ya bomba la maji. Mfereji ulichimbwa upana wa vigae viwili na urefu wa tisa, kisha ukafunikwa kwa zege la kijivu.

Uamuzi ukatoka hapohapo kwenye karatasi. Vitang'olewa 105 tu. Vile 197 havitaguswa, kwa sababu kigae kilichoshika mara nyingi hukubali kuvunjika kabla ya kukubali kung'oka.

Kigae chenyewe

Wengi wakiviona husema ni vigae vya udongo wa kuchomwa. Havijaona tanuri. Ni saruji iliyoshindiliwa kwa mashine ndani ya kalibu, ikaachwa ikomae kwa maji. Kipande kilichovunjika, ukikitazama kwa ubavu, kinaonyesha matabaka matatu: juu milimita 3 hadi 5 za rangi, yaani saruji nyeupe, unga wa marumaru na oksaidi (unga wa kutia rangi), katikati saruji na mchanga laini, chini saruji na mchanga wa kawaida. Unene wote ni milimita 20 na uzito kama kilo 1.7. Hapa rangi ni tatu: nyekundu, nyeusi na krimu.

Kila kigae kina robo ya ua. Vinne vikikutana kona kwa kona, ua linatimia. Katikati ya chumba kuna safu 14 za vigae 18, maana yake maua 63, na kuzunguka hapo limepita pindo la vigae 64 na kona nne.

Kwa kuwa rangi yenyewe ni saruji, adui yake ni kitu chochote kichachu. Dondoshea tone la ndimu kwenye kipande kisicho na kazi uone linavyotoa povu: hapo marumaru na chokaa vinaliwa. Siki hufanya hivyohivyo, na asidi ya kusafishia vyoo ni balaa zaidi. Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na vigae sita vilivyowahi kusuguliwa kwa asidi. Wekundu ulikuwa umegeuka waridi na uso unakwaruza kiganja kama jiwe la kunolea. Vilikuwa vimeshika, kwa hiyo viliachwa mahali pake na kusuguliwa kwa msasa wa maji namba 400, kisha 800. Vilipata nafuu ya nusu. Rangi iliyokwisha kuliwa hairudi.

Maji, kisha mwamba

Kabla ya tindo kugusa chochote, vipande vinne vya nailoni, kila kimoja mita 1 kwa 1, vilibandikwa sakafuni kwa tepu pande zote na kuachwa saa 24. Watu wa nyumba walishalilaumu ziwa. Si ajabu, maana Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kuvuka hata rekodi ya 1964, na tangu hapo kila ukuta wenye ukungu Mwanza unasingiziwa ziwa. Nailoni ilisema vingine. Vipande vitatu vilikuwa vikavu. Cha nne, kilichokuwa karibu na ukuta wa uani, kilijaa matone kwa ndani. Maji yangekuwa yanatoka chini kwa ujumla, vyote vinne vingelowa.

Uani kukakutwa gata limeoza na bomba lake linamwaga maji mguuni mwa ukuta. Juu ya hapo, zege la ua lilikuwa limeongezwa mara kwa mara mpaka likapita kimo cha sakafu ya ndani. Gata likabadilishwa, bomba likaelekezwa mbali, na ukanda wa nusu mita kando ya ukuta ukashushwa hadi sentimita 15 chini ya sakafu. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo wageni hawaioni wala hawaisifii, na bila hiyo yote yaliyofuata yangekuwa kupaka rangi juu ya kutu. Chumvi nyeupe iliyokuwa ikiota kwenye maungio ilipigwa brashi ikiwa kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka, inarudi ndani, na wiki ijayo inatoka tena.

Vigae 22 vilivyovunjika vilikuwa na kesi nyingine. Vilifuatana kwa mshazari kutoka dirishani hadi kona ya pili, kama mtu amepiga mstari. Yeyote aliyejenga Mwanza ataelewa: nyumba imekalia mwamba nusu, na nusu kifusi. Mwamba haushuki, kifusi kinashuka, na sakafu inapasuka pale viwili hivyo vinapoachana. Swali la maana ni kama bado kinashuka. Vipande vitatu vya kioo chembamba vilibandikwa kwa jipsamu kukatiza ufa mwezi Oktoba, kabla ya vuli. Mwishoni mwa Januari viwili vilikuwa vizima. Cha tatu, upande wa ukuta wa uani, kilikuwa kimepasuka katikati. Kwa hiyo vigae sita vya upande ule havikulazwa kwa saruji kabisa. Vililazwa juu ya chokaa na mchanga peke yake, moja kwa tatu, ili ufa ukitembea tena vigae viachane kwenye ungio badala ya kuvunjika.

Mstari wa mizani 16

Ukishang'oa vigae 105 unabaki na rundo la miraba inayofanana. Mtu atauliza: kama vyote vimetoka kalibu moja, kwa nini kila kimoja kirudi kwake? Kwa sababu miaka 70 haikuvitendea sawa. Cha mlangoni kimelika na kufifia. Kilichokaa chini ya kabati bado kina wekundu wa siku ya kwanza. Vikichanganywa, sakafu inakuwa na mabaka. Tena pembe zake si mraba kamili, na maungio ni ya milimita 1 tu: majirani wamezoeana, ukileta mgeni hapaingii.

Njia ya kawaida ni herufi kwa safu na namba kwa nguzo, yaani mistari inayokatiza safu, kama ramani. Mwalimu aliikataa. Be, de, pe na te, alisema, nyundo ikiwa inalia zote ni sauti moja. Yeye ni mtu wa kujaza fumbo la maneno la gazeti kila linapopatikana, na akaona jambo ambalo fundi asingeliona: safu ziko 16, na mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, yaani silabi 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili). Kila safu ipewe silabi yake. Sharti ni moja, silabi isijirudie hata mara moja.

Jaribu kabla ya kusoma mbele. Ni mchezo mgumu kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu Kiswahili kinapenda kurudia: "na", "ya", "ku" na "wa" hujipenyeza kila mahali, na upatanisho wa ngeli unazidisha. Mshororo uliopatikana ni huu:

Nyumba hii ya zamani, sakafuye ngumu bado

NYU, MBA, HI, I, YA, ZA, MA, NI. SA, KA, FU, YE, NGU, MU, BA, DO. Nguzo zikahesabiwa 1 hadi 20 kuanzia ukuta wa barabarani. Kigae FU-11 ni safu ya 11, nguzo ya 11, na mshale nyuma yake unaelekea ukuta wa NYU. Faida yake ilionekana siku ya kwanza: aliyeushika mshororo hahitaji karatasi. Anajua NGU iko baada ya YE kwa kuuimba tu, na kijana aliyekuwa akibeba vigae alikuwa akiuimba kweli, mpaka majirani wakadhani ni kaswida.

Kila kigae kilibandikwa tepu ya karatasi usoni kikiwa bado sakafuni, kikaandikwa kwa maka peni silabi, namba na mshale. Kikishang'olewa na kusafishwa mgongo, alama ileile ikachongwa nyuma kwa ncha ya msumari. Tepu isikae usoni zaidi ya siku mbili, gundi yake inaacha doa. Kabla ya yote zilipigwa picha 16 kwa simu, mpigaji akiwa amesimama juu ya meza, kila picha ikibeba vigae vitano kwa vinne.

Hata hivyo mambo matatu yalikwenda kombo.

La kwanza ni chaki. Vigae 12 vya mwanzo viliandikwa nyuma kwa chaki, kabla ya kuamuliwa msumari. Kigae cha saruji lazima kiloweshwe kabla ya kulazwa, la sivyo kinanyonya maji ya mota, yaani mchanganyiko wa kulazia, na mota inakufa ingali mbichi. Vikaingia kwenye beseni vikiwa na majina, vikatoka bila jina. Picha za simu ndizo zilizovirudisha: mikwaruzo, kona iliyomeguka, tone la rangi ya ukuta, kila kimoja kina sura yake ukikitazama vizuri.

La pili ni silabi I. Ikichongwa kwa msumari, I ni mstari mmoja wa wima, na mstari mmoja wa wima ni namba moja. Kigae I-7 kikasomeka 17. Vilikuwa vitatu vya namna hiyo. Hapa ujuzi wa fumbo la maneno ulisaidia kweli: hakuna kigae chenye namba pasipo silabi, kwa hiyo 17 isiyo na silabi haiwezi kuwa kitu kingine ila I-7. Ni akili ileile ya mjazaji anayejua kwamba mraba wa mwisho wa neno la Kiswahili karibu daima ni irabu, akaanza kujaza kutoka mwisho.

La tatu lilihitaji jicho. Mmoja akisoma alama kwa sauti, mwingine akichonga, na MBA ikipita kwenye kelele inatoka BA. Wakati wa kupanga vikavu, kabla ya mota, kijana alisimama na vigae viwili mkononi.

"Mwalimu, hapa kuna BA saba mbili."

"Haiwezekani, baba. Moja ni MBA."

"Sasa ipi?"

"Viweke vyote viwili pale kwenye BA, kwa zamu, mshale uelekee NYU. Kitakacholipa ua mgongo ndicho mgeni."

Ilikuwa hivyo. Safu ya MBA ni ya pili, nusu ya juu ya maua ya mwanzo, kitovu cha ua kiko kona ya chini ya kigae. Safu ya BA ni ya 15, nusu ya chini ya maua ya mwisho, kitovu kiko juu. Kigae cha MBA kikilazwa kwenye BA bila kugeuza mshale, kitovu kinaangalia pindo. Bila mshale kingezungushwa tu na kuonekana kimekaa, kisha rangi yake ingemsuta fundi baada ya mota kukauka. Ndiyo maana kupanga kavu si hatua ya kurukwa. Chumba kizima hupangwa bila mota, mtu anasimama mlangoni na kutazama jua likiwa limelala, ndipo maji yaguswe.

Jambo la pembeni: wajukuu wa mwalimu huongea kinyume, ule mchezo wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza. Wakaanza kusomea mafundi alama kwa kinyume. Tatu inakuwa tuta, nane inakuwa nena, kavu inakuwa vuka, na chokaa, kwa haki kabisa, inakuwa achoka. Kilichekesha kwa nusu saa, kisha mchezo ukahamishiwa uani.

Kung'oa, kusafisha, kuunga

Kung'oa huanzia penye pengo, kamwe si katikati ya vigae vizima. Hapa pengo lilikuwa mfereji wa bomba: zege lilivunjwa kwa tindo na nyundo ya kilo 1, vipande vidogovidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ungio hukwanguliwa kwa kipande cha msumeno wa haksoo mpaka chini, ndipo tindo bapa linapenya kwa ulalo chini ya kigae na kugongwa kidogokidogo kwa nyundo ya mbao. Ukiinua kwa nguvu kutoka kona moja, kona inabaki mkononi.

Mota ya zamani mgongoni ilikuwa na chokaa nyingi, ikatoka kwa kukwanguliwa, kigae kikiwa kimelala kifudifudi juu ya beseni la mchanga. Grenda haikuruhusiwa chumbani. Tabaka la rangi ni milimita chache, na grenda huzimaliza kabla hujavuta pumzi.

Usoni kulikuwa na polishi nyekundu ya miaka mingi. Inatoka kwa tapentaini na kitambaa cha pamba, nusu mita ya mraba kwa mara moja, madirisha wazi, jiko limezimwa. Mafuta ya taa hayafai, yanazama na kuacha kivuli. Baadaye sabuni ya mche iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, brashi ya nailoni, na kusuuza mara mbili. Brashi ya waya inaacha chembe za chuma, na chembe za chuma zinaota kutu.

Kati ya 22 vilivyovunjika, 14 vilikuwa vipande viwili na viliungika. Gundi ya epoksi hupakwa robo tatu za chini za ubavu tu. Milimita 5 za juu zinaachwa wazi ili gundi isipande usoni, halafu nafasi ile inajazwa niru (uji wa saruji) ya rangi. Kubana, mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa kama ule wa manati unashinda klampu yoyote, kwa sababu unavuta sawasawa pande zote. Saa 24 bila kuguswa.

Vigae 15 vipya

Vilivyosagika ni 8, visivyokuwepo ni 18: mahitaji ni 26. Stoo ya nyumba hiyohiyo ilikuwa na sakafu ya ua lilelile chini ya magunia. Vikatolewa 11, viwili vikiwa vya pindo, na stoo ikapigwa saruji ya kawaida. Vilibaki 15 vya kufyatua kwa mkono.

Kalibu ni fremu ya chuma yenye nafasi ya sentimita 20 kwa 20, inawekwa juu ya kioo kinene kilichopakwa mafuta kidogo. Ndani yake unasimamisha kigawanyo cha bati kilichokunjwa kufuata mistari ya ua. Tabaka la rangi: saruji nyeupe kilo 1, unga wa marumaru kilo 1, oksaidi isiyozidi asilimia 8 ya uzito wa saruji, maji mpaka iwe kama uji mzito. Oksaidi ikizidi hapo, rangi haiongezeki, nguvu ndiyo inapungua. Inamiminwa kila rangi chumbani mwake, kimo cha milimita 3.5, ambayo ni kama mililita 140 kwa kigae. Kigawanyo kinatolewa wima, taratibu. Juu inanyunyizwa saruji na mchanga laini mkavu, moja kwa mbili, inyonye maji. Kisha saruji na mchanga wenye unyevu kidogo tu, moja kwa tatu, mpaka ijae.

Kiwandani hapo hushuka mashine. Hapa ilitumika jeki ya gari ya tani 10 ndani ya fremu ya chuma. Tani 10 juu ya sentimita 400 za mraba ni kilo 25 kwa kila sentimita ya mraba. Inatosha kushikamanisha matabaka, ingawa kigae hakifikii ugumu wa kile cha zamani. Ndiyo maana vipya vilipangiwa kukaa pembeni, chini ya kochi na kabati, na wale 11 wa stoo wakapelekwa njiani.

Vinne vya kwanza vilitupwa. Viwili rangi zilivuja na kuingiliana kwa sababu uji ulikuwa mwepesi. Viwili tabaka la juu lilibanduka, maana la kati lilichelewa na la juu likawa limeshaanza kukaza. Kutoka rangi hadi shindilio isizidi dakika tano. Baada ya hapo kivulini saa 24, siku 7 chini ya magunia yenye unyevu, na visikanyagwe kabla ya siku 28.

Rangi ilitafutwa kwa vipande vya ukubwa wa kibiriti, vya asilimia 3, 5 na 8, vikaachwa siku 7. Saruji mbichi ni nyeusi kuliko kavu, kwa hiyo anayehukumu siku ileile anajidanganya. Iliyokubaliwa ni asilimia 5 ya nyekundu na chembe ya nyeusi, kwa sababu nyekundu safi kando ya vigae vya 1953 ilionekana kama shati jipya msibani.

Kulaza

Nafasi ya kujaza ni vigae 123, karibu mita 4.9 za mraba. Ukitoa vile sita vya ufa, mota ya waliobaki ni saruji 1, chokaa 1, mchanga 6, unene sentimita 3. Kwa ndoo ya lita 20 inakuja kama ndoo 7 za mchanga, moja na kidogo ya chokaa, moja na kidogo ya saruji. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha na unabaki. Chokaa si ya kubana matumizi. Inaipa mota ulaini, na siku kigae kitakapotakiwa kung'oka tena, kitang'oka kizima.

Mchanga ni wa mto, uliooshwa. Ule wa ufukweni laini kama unga haufai, na zaidi ya hapo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Kipimo: jaza mchanga nusu chupa, ongeza maji na chumvi kijiko kimoja, tikisa, acha saa tatu. Tope la juu likizidi asilimia 8 ya mchanga, osha tena.

Mota iwe nzito, ikifinyangwa mkononi ibaki tonge. Mgongo wa kigae unapakwa niru, kigae kinashushwa, kinagongwa kwa nyundo ya mpira huku rula ndefu imekalia majirani wawili ambao hawakung'olewa. Hao 197 ndio pima maji halisi ya chumba. Pima maji yenyewe ingekuambia sakafu imeinama milimita 9, na ingekuwa kweli, lakini ukiifuata unatengeneza ngazi katikati ya sebule.

Maungio yalijazwa niru ya saruji na chokaa siku ya pili, ikafutwa kwa sifongo palepale. Niru ikikauka usoni mtu anakumbuka asidi, na tunarudi mlangoni mwa jikoni.

Kukausha ni siku 28, kisha nailoni tena. Safari hii vipande vyote vinne vilikuwa vikavu. Yakapakwa mafuta ya kitani, ambayo maduka ya rangi huyaita linsidi, sehemu 1 kwa 3 za tapentaini, yakafutwa baada ya dakika 20. Matambara yake yalowekwe majini, maana yakirundikwa makavu yanaweza kuwaka yenyewe. Baada ya wiki, nta ya nyuki iliyoyeyushwa juu ya maji ya moto na kuchanganywa na tapentaini mara nne ya uzito wake, mbali na moto. Usafi wa kila siku ni maji na sabuni ya mche basi.

Katika siku zile 28 wajukuu walikatazwa kukanyaga, wakakaa kizingitini na kutega vitendawili. Kimoja kilitungwa palepale: kwetu tuko wanne, mmoja akigeuka sote tunakuwa wageni.

Chumba cha jirani kina upana uleule wa mita 3.20, yaani safu 16, na vigae 41 vilivyoachia. Mshororo wa kwanza haukufaa kurudiwa. Mpya ulioletwa ni "Nyumba yetu ya zamani, sakafu ngumu kiboko": hakuna I ya peke yake, na BA imeondoka. Lakini YE na YA zimekaa safu ya tatu na ya tano, na NYU na NGU kwa mbali zinafanana. Fundi ameomba utafutwe mwingine, na vigae vile 41 havitang'olewa mpaka upatikane.